Mvua ya Kaptarakwa

Chepkorir alikuwa mama mwoga, na mtaa wote wa Kimumu ulijua. Hakujificha. Ndoo ya maji nyumbani kwake ilifunikwa kwa sahani, na juu ya sahani akaweka jiwe. Jerop, binti yake wa pekee, alivushwa barabara kwa kushikwa mkono mpaka akafika gredi ya nne, na wenzake wakamcheka hadi wakachoka wenyewe. Tena kulikuwa na jambo moja alilomfundisha kuliko yote. Akiitwa na mama, hata kama yuko katikati ya mchezo, hata kama ana chakula mdomoni, aache kila kitu aje mbio. Hakuna kuuliza "nini?" Hakuna kusema "nakuja." Ni kuja.

"Huyo mtoto siku moja utamfunga kamba kama ndama," majirani walimwambia.

"Ndama wangu hajagongwa na bodaboda," aliwajibu, na kuendelea kuanika nguo.

Likizo ya Aprili ilipofika, shule ikaleta kazi. Mwalimu alitaka kila mtoto atembelee mahali pamoja pa kuvutia karibu na Eldoret, aende na mzazi, apige picha, na alete kitu kimoja kutoka hapo, jani au jiwe au tunda, kisha asimame mbele ya darasa aeleze. Chepkorir mwenyewe aliishia darasa la saba, na wakati wao mwalimu hakuwa akiwatuma wazazi. Alisikiza, akauliza kama ni lazima. Ilikuwa lazima.

Jerop alikuwa ameshajipanga.

"Twende Sergoit, tupande ule mlima."

"Lile jiwe? Ukiteleza nitakuokota na nini?"

"Basi twende tuone twiga."

"Twiga anapiga teke."

"Iten, pale watu wanasimama kuangalia bonde."

"Pale wanaposimama ndipo wanapoangukia."

"Chebloch?"

Chebloch ndiko vijana huruka kutoka juu ya mwamba na kuingia mtoni huku wageni wakiwapigia makofi. Chepkorir alimwangalia tu mtoto mpaka mtoto akaangalia pembeni.

Lakini kazi ya shule haiendi kwa kuangaliwa. Chepkorir aliifikiria jioni akichagua maharagwe, na akaifikiria vizuri, kama mtu anayenunua ng'ombe. Milima inaangusha. Ukingo unaangusha. Maporomoko ya maji yanaangusha na kuzamisha pia. Kwa hiyo panapotakiwa ni mahali ambapo mtu ameshafika chini kabisa na hakuna kwingine pa kuanguka. Na pasiwe na maji.

Kesho yake alimuuliza Hawa, jirani yake mwenye duka la nguo za watoto. Hawa alizaliwa hapa hapa Eldoret, lakini mama yake alitoka Wajir, na jamaa zao walikuwa wakishuka Bonde la Kerio siku za Idi kwenda kula mahali penye kivuli. Hawa akamwambia kuna kijito kimoja ukishapita Biretwo, ukiingia barabara ya murram. Mchanga mweupe, miti mikubwa, tambarare kama meza.

"Na maji?"

"Maji gani? Ni mchanga mtupu. Unatembea katikati ya mto na viatu vyako."

"Hata kidimbwi?"

"Mama Jerop, hata ukitaka kunawa mkono ubebe yako."

"Basi ni hapo," Chepkorir akasema, na usiku huo akalala vizuri.

Lazima niseme habari ya mvua, kwa sababu bila hiyo mambo mengine hayaeleweki. Mwaka huo mvua ya masika ilichelewa. Na ikichelewa huku Uasin Gishu watu huacha kusalimiana. Simu ikilia, neno la kwanza ni "Mvua iko?" Mtu akisema iko, unamwonea wivu, akisema haiko, mnapeana pole. Chepkorir na dada yake mkubwa, Chelimo, walikuwa na viazi shambani kwa Chelimo, upande wa Kaptarakwa, ukingoni kabisa mwa bonde, pale nyumba zinapoisha na ardhi ikakatika. Mbegu zilikuwa ndani ya udongo mkavu kama majivu. Walikuwa wamefunga kula na kuziombea kanisani. Watu wa huku juu mvua wanaijua upande mmoja tu. Hata ikivunja daraja na kumzuia mtu njiani, atalalamika huku akicheka. Hakuna aliyemfundisha Chepkorir kwamba mtu anaweza kuambiwa "mvua imekuja" na hiyo isiwe habari njema.

Waliondoka Jumamosi kwa gari la Abdinasir, ndugu mdogo wa Hawa, Probox ambayo siku nyingine hubeba mizigo ya duka. Hawa alikaa mbele na mtoto wake mdogo, Sumeya, aliyekuwa bado anajifunza kutembea. Nyuma, Chepkorir na Jerop na kapu. Jerop alivaa sweta mbili, maana asubuhi ya Eldoret haina mchezo. Iten walisimama kidogo tu ili mtoto aone bonde kutoka juu, na muda wote huo Chepkorir alimshika kofia ya sweta kwa nyuma.

"Mama, unaninyonga."

"Bonde unaliona ama huoni?"

"Naona."

"Basi unapumua."

Kona za kushuka Tambach, Chepkorir alizipitia macho yakiwa yamefumbwa, akayafungua Biretwo. Masikio yalikuwa yameziba. Joto lilikuwa limeingia ndani ya gari kama mgeni asiyebisha hodi, na sweta zikavuliwa moja baada ya nyingine.

"Mathe, sasa pumua," Abdinasir alisema akimwangalia kwenye kioo. "Tumefika chini. Huwezi kuanguka tena, labda uchimbe."

Hata Chepkorir alicheka.

Kijito kilikuwa kama Hawa alivyosema. Mchanga mweupe, mpana kuliko barabara kuu ya kwenda Nakuru, umejipinda katikati ya kingo mbili za udongo mwekundu. Upande wao kulikuwa na mgunga mkubwa, na ng'ambo ya pili mkwaju umesimama peke yake, umejaa matunda. Nyuma yao ukuta wa mlima waliotoka ulikuwa umepanda mpaka mbinguni. Juu ya vichwa vyao hakukuwa na wingu.

Chepkorir alishuka mpaka mchangani, akatandika leso yake kwenye kivuli cha ukingo, akavua viatu na kuviweka juu ya pembe za leso ili upepo usiibebe. Kando yake akaweka chupa ya chai. Hawa alibaki juu, akatandika mkeka chini ya mgunga.

"Shuka, Mama Sumeya. Huku kuna baridi nzuri."

"Hapa panatosha."

"Unaogopa mchanga?"

"Anaogopa," Abdinasir akasema. "Hata gari amenikataza kulishusha huko. Huyu ni Msomali wa duka, mchanga ameuona kwa televisheni."

Hawa alimrushia kokoto. "Mamangu hakukubali tukae kwa laga," alisema. "Mto mkavu kama huu kwao unaitwa laga. Tukitandika mkeka huko anatupiga. Ukiuliza kwa nini, anakupiga tena."

"Na wewe bado unaogopa kichapo."

"Mama Jerop, wewe unaogopa twiga."

Wakacheka, na jambo likaishia hapo. Hawa mwenyewe hakulijua linatoka wapi. Alikuwa amerithi katazo bila sababu yake, kama mtu anayeachiwa ufunguo wa nyumba iliyobomoka zamani.

Pilau ya Hawa ilikuwa juu kwenye mkeka, kwa hiyo ilipofika saa ya kula Chepkorir alipanda huko, akaacha leso na viatu na chupa ya chai chini. Jerop alikula haraka, akaomba ruhusa kuvuka akaokote ukwaju wa kupeleka shuleni. Chepkorir aliupima mchanga kwa macho. Hakuna jiwe la kuteleza, hakuna shimo, hakuna maji, na mkwaju ulikuwa mahali anapouona wazi.

"Nenda. Nikikuita?"

"Nakuja mbio."

"Na usipande juu ya mti."

Mtoto akavuka, akiacha nyayo mchangani, na akaanza kuokota matunda na kuyatia kwenye mfuko. Hapo ndipo simu ilipolia. Ni Chelimo.

"Mvua iko huko?" Chelimo aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye jibu lake tayari.

"Hapa ni jua tupu. Tuko bondeni na mtoto."

"Huku Mungu ametukumbuka. Sikiza." Chelimo akatoa simu nje ya mlango, na Chepkorir akasikia mabati yakipigwa kama ngoma. "Ni ya mawe, Mama Jerop. Shamba limekuwa jeupe. Mtaro umeshindwa, maji yanapita uwanjani yakielekea huko kwenu bondeni."

"Wacha yapite. Viazi vimekunywa?"

"Vimekunywa vimelewa."

Chepkorir akaweka simu kwa sauti kubwa ili wote wasikie. Hawa akasema alhamdulillahi. Abdinasir akasema sasa bei ya viazi itashuka na yeye atakula chipsi mpaka Desemba. Walipogeuka kutazama mlima waliona wingu limekaa juu ya ukingo kule kusini, jeusi, zito, na chini yake kama pazia la kijivu. Lilikuwa mbali sana. Chepkorir alilipiga picha. Alifurahi kweli. Maneno ya dada yake kwamba maji yanaelekea bondeni aliyasikia kwa masikio yake, tena kwa sauti kubwa, mbele ya mashahidi, na hayakumwambia kitu.

Wewe unayepanga kushuka huko na watoto wako, usiangalie mbingu ya pale ulipoketi. Hiyo itakuwa safi. Angalia ukingoni juu, na ukipigiwa simu na mtu wa huko akwambie wamepata mvua, kunja mkeka wako kabla hujamshukuru Mungu. Utamshukuru ukiwa garini.

Baadaye kidogo upepo ukaja kwa njia ya mto, kutoka juu. Ulikuwa wa baridi, na ulileta harufu ya udongo uliolowa. Chepkorir alifunga macho akaivuta. Ni harufu ya nyumbani, harufu ya jioni ya Kimumu mvua ikishapita. Halafu ikasikika sauti ya chini, nzito, kama lori limekwama kwenye mlima na dereva hataki kubadilisha gia.

"Kuna barabara huko juu?" Chepkorir aliuliza.

Hawa alikuwa ameshasimama. Sumeya alikuwa mgongoni kwake, na hakukumbuka alimwinua saa ngapi. "Hiyo si lori," alisema.

Chepkorir hakujua ni nini, lakini aliona uso wa Hawa, na alifanya jambo ambalo amelifanya tangu mtoto alipojua kutembea. Alisimama ukingoni akaita.

"Jerop. Njoo."

Na Jerop akaja. Aliacha mti, akateremka ukingo wa ng'ambo, akaingia mchangani mbio, mfuko wa ukwaju ukimgonga magotini. Hakuuliza nini. Hakusema nakuja.

"Usimwite," Hawa alisema, na kumshika Chepkorir mkono. "Usimwite, Mama Jerop. Maji yanakuja. Mwache huko huko."

Pale mto unapojipinda, Chepkorir aliyaona. Hayakuwa ukuta kama watu wanavyosimulia. Yalikuja kama ulimi, wa kahawia, wenye povu mbele, ukilamba mchanga na kusukuma vijiti vikavu na kandambili moja na mtungi wa plastiki. Ulimi haukuwa na haraka sana. Lakini nyuma yake maji yalikuwa yanapanda, na sauti ilikuwa nyuma zaidi.

Jerop alikuwa katikati.

Kutoka katikati kwenda kwa mama kulikuwa sawa na kurudi kwenye mkwaju, lakini ukingo wa upande wa mama ulikuwa mrefu, na maji yalikuwa yanaegemea upande huo. Chepkorir aliliona hilo. Hakulipima kama siku ile ya kuchagua maharagwe; aliliona tu.

"Rudi," akapiga kelele. "Rudi huko. Usije."

Mtoto akasimama. Miaka yake yote hakuwahi kusikia neno hilo kutoka kwa mama yake. Alimwangalia kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ngeni, kisha akapiga hatua tena kuja, maana akili yake ilimwambia amesikia vibaya.

"Usije, nimesema. Toka."

Jerop akaanza kulia, na akawa bado anakuja.

Chepkorir aliinama, akaokota bonge la udongo, akamrushia. Halikumfika. Akaokota jiwe. Alimtupia mtoto wake jiwe jinsi wanavyofukuzwa ng'ombe walioingia kwenye mahindi, akipiga ile kelele ya kufukuza ng'ombe aliyofunzwa na baba yake, na jiwe likampata kwenye muundi. Jerop alipiga yowe, akageuka, akakimbia alikotoka. Chepkorir aliendelea kutupa. Alitupa mpaka mtoto akashika mzizi wa ukingo wa ng'ambo na kupanda, na ulimi wa maji ukapita chini ya miguu yake ukichukua mfuko wa ukwaju.

Kisha sauti ikafika, na mto ukajaa.

Leso ya Chepkorir iliinuka, ikatandazwa juu ya maji kama vile alivyoitandaza mwenyewe, ikaenda. Viatu vilizama. Chupa ya chai ilisimama wima kwa muda, ikainama, ikafuata. Kulipita mti mzima na mizizi yake. Kulipita mbuzi. Abdinasir alivua shati akasema anajua kuogelea, na Hawa akamwambia akae chini kabla hajamchapa mbele ya watu. Akakaa.

Chepkorir hakulia. Alisimama ukingoni, miguu mitupu, akiangalia ng'ambo. Jerop alikuwa amekaa chini ya mkwaju, ameshika muundi wake, uso ameugeuzia upande mwingine.

Maji yalipopunguza kelele, alitokea huko ng'ambo bibi mmoja na mbuzi zake. Alimwangalia mtoto, akavua shuka yake akamfunika mabegani, kisha akaja mpaka ukingoni. Alizungumza Kikeiyo, na Chepkorir alimwelewa vizuri.

"Huyu ni wa nani?"

"Wangu, kogo," Chepkorir akajibu, akimwita nyanya.

"Mbona ulimpiga mawe? Nimeona."

"Asije."

Bibi akafikiri. "Vizuri," akasema, akarudi kukaa karibu na mtoto, akamshika mkono.

Siku nyingine yoyote, kumwona mtu asiyemjua amemshika mtoto wake mkono kungemmaliza Chepkorir. Siku hiyo aliuangalia mkono huo na kuomba usimwachilie.

Simu ikalia.

"Bado inamwaga," Chelimo alisema. "Kuku wamepanda juu ya kuni. Mwaka huu tutakula."

"Itaisha saa ngapi?"

"Iishe iende wapi? Si tulipiga magoti kuiomba?"

"Chelimo, maji yako yamefika hapa."

"Maji gani?"

"Hayo yaliyopita uwanjani kwako. Na Jerop yuko ng'ambo, mimi niko upande huu."

Kwenye simu yalisikika mabati tu. Kisha Chelimo akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Basi nitasimama mlangoni. Ikianza kupungua nakwambia."

Ndivyo ilivyokuwa mchana huo. Dada mmoja mlangoni Kaptarakwa, mwingine chini bondeni kwenye jua, na katikati yao mlima mzima, wote wawili wakingojea mvua iishe. Chepkorir alitaka kuomba, lakini aliona haya. Jumapili tu alikuwa amesimama kanisani kuomba mvua inyeshe, na kulikuwa na wachungaji waliosikia. Sasa angerudi na ombi la kupindua lile la kwanza? Mwishowe aliomba hivyo hivyo, kwa sauti ndogo, na akaongeza kwamba kama haiwezekani inyeshe kidogo tu, basi ikatike kabisa, viazi vikauke.

Hawa alikuwa amekaa karibu yake, akiyatazama maji. Akasema, "Kumbe ni hii."

"Nini?"

"Sababu ya kupigwa."

Chelimo alipiga simu kusema mvua imekuwa manyunyu. Akapiga tena kusema imekatika. Lakini mto haukusikia habari hiyo upesi. Uliendelea kushusha maji ya juu kwa muda mrefu, ya kahawia yale yale, na Chepkorir alijifunza kwamba mvua ikiisha huko haijaisha hapa. Jua lilipoanza kuingia nyuma ya ukingo, mstari wa mchanga mweusi ulijitokeza pembeni. Kisha mawe. Abdinasir alikata fimbo ndefu, akaingia kwanza, akipima chini kila hatua. Chepkorir alimshika mkanda, akamfuata. Maji yalikuwa ya magotini, halafu ya mapajani, baridi kama ya kisima cha nyumbani, na alijua ni baridi ya wapi. Ilikuwa ile mvua ya mawe ya Chelimo, imeyeyuka ikafika.

Jerop alisimama alipowaona, lakini hakukimbia kuwapokea. Alibaki chini ya mkwaju na ile shuka. Chepkorir alitoka majini, akapanda ukingo kwa magoti na mikono, akasimama mbele yake.

"Ulinipiga hapa," mtoto alisema, akionyesha muundi. Palikuwa pamevimba.

"Napaona."

"Sasa nije ama nikae?"

"Kaa," Chepkorir akasema. "Mimi ndiye nimekuja."

Bibi wa mbuzi alichukua shuka yake, akamwokotea mtoto konzi ya ukwaju na kumtilia mfukoni, akaenda zake. Hawakujua jina lake. Hawakupata nafasi ya kuuliza. Walivuka mtoto akiwa mgongoni kwa Abdinasir, na kona za Tambach Chepkorir alizipanda macho wazi, miguu mitupu juu ya sakafu ya gari, akimwangalia mtoto aliyelala. Kwenye ukingo wa Iten hakuna aliyesema wasimame.

Shule ilipofunguliwa, Jerop alisimama mbele ya darasa na ukwaju wake, na picha pekee iliyokuwepo kwenye simu, ile ya wingu. Mwalimu aliuliza kivutio chenyewe kiko wapi. Jerop akasema hicho ndicho, kilikuwa njiani kinakuja. Wenzake hawakucheka. Viazi vya mwaka huo vilikuwa vizuri sana. Chelimo alileta gunia, akaliweka jikoni bila maneno, na vililiwa.

Simu zao zimebadilika. Chelimo akipata mvua bado hupiga, lakini siku hizi Chepkorir humuuliza kwanza ni ya nguvu gani, na kama ni ya nguvu hufikiria ni nani aliyetandika leso mchangani muda huo huo, akifurahia hali ya hewa.

Muhula wa pili darasa lilipangiwa kupanda Sergoit. Majirani walingoja kusikia Mama Jerop atakataa vipi. Hakukataa. Asubuhi ya safari alimfunga mtoto viatu, akakaza kamba mara mbili, kisha akamshika mabega.

"Nikikuita," alisema, "usije mbio."

"Nifanye nini?"

"Uangalie kwanza. Chini, kushoto, kulia. Hata kama ni mimi naita. Mimi naweza kuwa nimesimama mahali pabaya."

Jerop aliitikia, akatoka, akavuka barabara peke yake kwenda pale basi la shule lilipokuwa likingoja. Chepkorir alirudi ndani na kukuta chupa ya maji imesahauliwa mezani. Akaichukua, akatoka mpaka langoni, na kabla hajafikiri akaita, kama alivyozoea kuita.

"Jerop."

Mtoto alisimama upande ule mwingine. Hakuja. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, na bodaboda yenye mitungi ya maziwa ikapita katikati yao kwa kasi, vumbi likiinuka. Vumbi lilipotulia aliangalia tena. Chepkorir alisimama na chupa mkononi, mdomo ameufunga, akamngojea.